Utaleta

Dukani kwa Shoka Hamad, Utaani, Wete,
kuna daftari la jalada jeusi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Jina langu limo, ukurasa wa kumi na moja.
Juu yake mstari mwekundu,
si wa kufuta, wa kukataza.

Nilikopa laki nane kwenye kikundi, nikanunua friza.
Nikasema: malai ya ukwaju, watoto wa skuli,
miezi mitatu deni limekwisha.
Miezi mitatu, friza ikawa kabati la nguo.
Umeme, ndiyo. Lakini siusingizii umeme peke yake:
palikuwa na harusi ya mdogo wangu, na sare,
na mimi nisiyetaka kuonekana nimevaa ya mwaka jana.
Nikakopa kwenye simu nikilipe kikundi,
nikakopa kwa Shoka niilipe simu,
unga, sukari, mafuta, "andika tu, andika,"
hadi kalamu ikachoka kabla ya mdomo wangu.

Kukopa harusi. Hilo la pili mnalijua.

Alhamisi ile walilisoma jina langu kwa sauti.
Sikuwepo. Nilijifungia chumbani,
nikamwambia mwanangu: wakija, sema mama kaenda Chake.
Ana miaka sita. Alisema vizuri.
Ndilo lililoniuma: alisema vizuri sana.

Mdhamini wangu alikuwa Bikombo.
Hakuja kunigombeza. Aliuza bangili,
ile ya mama yake, akamaliza kilichobaki,
na mkono wake ukabaki na duara jeupe
pale ambapo jua halikuwahi kupita kwa miaka ishirini.
Nililiona kila tukikutana bombani.
Alisema habari za asubuhi. Nikaitika, nikiangalia ndoo.

Dawa ya deni ni kulipa, wanasema.
Hawasemi kwamba hunywewa kwa kijiko cha chai.
Elfu mbili. Elfu tatu. Alhamisi moja mia tano,
mkono ukitetemeka, na katibu akaiandika
kama alivyoandika hamsini elfu za wenzangu.
Friza niliiuza kwa hasara.
Msimu wa karafuu nilichambua za watu,
vidole vikanukia hadi kwenye wali.
Simu ikilia usiku: Mpendwa mteja, unastahili mkopo.
Nikifuta, kesho inanipenda tena.

Kwa Shoka nilinunua kwa taslimu,
kibiriti, chumvi, hata siku nisiyohitaji chumvi,
ili anione nikilipa.
Alihesabu noti mara mbili. Nilingoja. Nikasema ahsante.

Miaka miwili na miezi minne.
Bikombo nilimlipa bangili yake kwa bei ya leo, si ya siku ile.
Alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kanga.
Bangili yenyewe haikurudi; sonara alishaiyeyusha,
sasa ni herini masikioni mwa nani, sijui.
Lile duara limeungua na jua, halionekani.
Mimi najua lilipo.

Jana asubuhi nilitaka nusu kilo ya sukari.
Nikatoa noti ya elfu kumi. Shoka akavuta droo,
akapekua, akaifunga.
"Sina chenji," akasema. "Utaleta."

Utaleta.

Akavua mpira,
akaupita ukurasa wa kumi na moja bila kuutazama,
akaandika kwenye mpya: jina langu, sukari nusu.
Basi. Akamgeukia mteja mwengine.

Saa nne nilikuwa na chenji, nilishanunua dagaa.
Ningeweza kurudi; si hatua arobaini.
Nikaziweka zile pesa chini ya kikombe, nikakaa nazo.
Nilitaka jina langu lilale mle usiku mmoja,
bila mstari,
kama jina la mtu yeyote.

Alfajiri, Shoka hajafungua bado,
nilikuwa barazani kwake nimesimama,
pesa mkononi, zimeloa jasho.