Nimewapa Mgongo

Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya Jukwaa Kubwa la Birkemose
na sijamwona mwimbaji hata mmoja.
Ndiyo kazi: fulana ya njano, ndoo ya maji, vikombe,
mgongo kwa wasanii, uso kwa watu.
Anayezimia tunamvuta juu ya uzio kama gunia la viazi.
Anayelia tunampa maji.
Siku nyingine za mwaka mimi ni mpishi wa shule, mjini Randers;
naujua uso wa mtoto aliyeshiba
na wa yule anayesema ameshiba.

Mwaka huu, juu kabisa ya tangazo, kwa herufi nene,
wakaliweka jina la Silke Vang,
binti wa miaka ishirini na miwili, wa nyimbo za dakika tatu.
Torkild, shemeji yangu, mvuta nyaya wa jukwaa,
aliisoma karatasi ile kama bili ya daktari wa meno.
"Usiku wa Jumamosi ni wa watu wenye jasho," alisema.
"Huyu ana wachezaji kumi na wanne na kompyuta moja.
Nitachomeka nini? Gitaa liko wapi?
Kitu kinachoisha kabla yai halijaiva
hakifungi tamasha."

Nikamkumbusha mwaka wa wale wazee wanne wa magitaa,
aliowasubiri tangu ana nywele.
Yeye aliona vidole. Mimi niliona nyuso:
wanaume wamefumba macho, wako mbali, kila mmoja na ujana wake,
na safu ya nne mtu anapiga miayo kwa heshima,
kiganja mdomoni, kama yuko kanisani.
Torkild akasema miayo si hoja.
Labda si hoja.

Jumamosi ikanyesha.
Wasichana walikuwa kwenye uzio tangu saa mbili asubuhi,
wamejivika mifuko ya taka, pambo la fedha likiwachuruzika mashavuni.
Nitasema na la upande wake, nisionekane nimehongwa:
nyimbo mbili za kwanza sikuona macho. Niliona simu,
elfu kwa elfu, zimeinuliwa kama mikono ya wanaojisalimisha,
nikawaza, maji haya nimpe nani, simu haina kiu.
Na huko nyuma wengine waliondoka kufuata bia.

Kisha simu zikalowa, zikarudi mifukoni.
Baba mmoja mwenye ndevu za mvi, fulana nyeusi, fuvu lililopauka kifuani,
binti yake begani, alikuwa amesimama
kama anayesubiri basi la mtu mwingine.
Midomo yake ikaanza. Kidogo.
Aliyajua maneno. Yote. Hata lile la kijinga kuhusu sharubati.
Aliponiona namtazama
akajifanya anakohoa.

Wimbo wa saba, nyuso zote zikabadilika mara moja.
Watu elfu hamsini. Vinywa wazi, halafu kicheko.
Sheria inasema usigeuke.
Niligeuka.

Kamba ya kiatu ilikuwa imemfunguka.
Amepiga goti, mdogo kuliko nilivyodhani,
glavu ameing'ata, vidole vinahangaika na fundo lililolowa,
kipaza sauti kimelala sakafuni,
na sauti yake, ile ile, tamu, kavu, isiyojua mvua,
inaendelea kuimba juu ya vichwa vyetu bila yeye.
Torkild, pembeni mwa pazia, alininyooshea kidole
kama wakili aliyeokota kisu chenye damu.

Silke naye akajisikia. Akacheka.
Akampungia mtu wa kompyuta: kata.
Ikakatwa. Ikabaki mvua.
Ndipo wale wa mifuko ya taka wakaudaka ubeti,
wakauimba wote, vibaya, wamepanda juu mno,
kumngoja amalize kufunga kamba.

Saa nane za usiku tunakunja nyaya.
"Uliona," anasema Torkild. "Mashine inaimba, mtu anafunga viatu."
Niliona.
"Basi?"
Naokota vikombe topeni.
"Wale wazee wako," namuuliza, "kamba zingewafunguka,
nani angewaimbia?"
Hafikiri muda mrefu.
"Wasingesimama."

Ni jibu zuri. Nimelibeba hadi kwenye gari
pamoja na ndoo, na bado sijui
niliweke upande gani.