Yaliyoanguka

Lango hufunguliwa saa mbili.
Mimi hukaa nyuma ya kidirisha chenye nondo,
nikikata tiketi: mkubwa hamsini, mtoto ishirini.
Harufu hailipi hata senti,
hujipitia tu chini ya nondo, kama mwenye nyumba.

Masika yamekwisha juma lililopita.
Yameacha madimbwi kwenye njia ya changarawe
na yungiyungi zimejaa bwawani hadi vyura hawana pa kukaa.
Asmini imepanda ukuta wa msala wa wageni,
ikachanua huko huko, bila ya haya.
Na mlangilangi wa pembeni, ule ambao mwaka jana
mkubwa wetu alitaka ukatwe kwa kuziba mifereji,
umeyaning'iniza maua yake ya manjano,
marefu, yamelegea
kama vidole vya mtu aliyepitiwa na usingizi.

Chini yake kibao: USICHUME MAUA.
Rangi nyekundu. Hata nukta nyekundu.

Leo amekuja Bi Barke wa Kibokoni.
Sikumtia machoni tangu mwezi wa pili,
walipokuwa wakija Ijumaa yeye na mumewe,
Bwana Shee, karani wa bandari aliyestaafu,
mwenye kunilipa sarafu kumi, za kumi kumi,
kwanza azipange mnara, azitazame, ndipo anisukumie.
Ndiye aliyekuwa akivua kofia yake ya viua
akaijaza yaliyoanguka,
akarudi nyumbani kichwa wazi, upara unamwaka juani,
na mkewe hatua tano nyuma
akijifanya hamjui.

Miezi minne na siku kumi.
Hakuna aliyenieleza, nimehesabu mwenyewe.
Mvua yote hii imenyesha yeye yumo ndani,
hana udi, hana wanja, hana kikuba kifuani,
akiisikia tu kwenye mabati ya jirani.

"Mmoja," amesema,
akaweka noti ya mia, akaenda zake.
Chenji imebaki hapa.

Mwaringa, askari wetu, hana mzaha na kile kibao.
Juzi alimwandama mtoto wa skuli hadi barabarani
kwa waridi moja.
Na asubuhi hii alikuwa amekwisha fagia,
changarawe safi kama mchele uliochaguliwa.
Bi Barke akainama chini ya mti: hakuna kitu.
Akakaa juu ya jiwe, mkoba magotini,
akangoja upepo.

Upepo wa Mombasa, ukiutaka, una shughuli kwengine.
Saa tatu. Saa tatu na nusu.
Jani moja likaanguka. Jani.

Mwaringa akaja na fagio lake.
"Mama, hapo hapakaliwi."
"Na kuokota?"
Akakisoma kibao kama aliyekiona leo,
neno la kwanza, neno la pili, ile nukta.
"Kuokota," akasema, "hakukuandikwa."
Kisha akageuka upande wa bwawa,
akaegemeza mgongo kwenye shina
na kuanza kujikuna, polepole kwanza,
halafu kwa nguvu, mabega yote mawili,
kama ng'ombe aliyepata ukuta.
"Mgongo huu," akamlalamikia mtu asiyekuwapo.

Likaanguka moja. Matatu.
Halafu nikapoteza hesabu.
Moja likatua juu ya chepeo yake, naye hajui.

Bi Barke akafungua mkoba.
Humo mlikuwa na kofia ya viua,
imefuliwa, imetiwa wanga, ingali na umbo la kichwa.
Akaokota akitia humo, moja moja.
La mwisho akalipeleka puani, mkono ukasita njiani
kama unaouliza kama siku zimetimia kweli,
ukafika.

Akanipitia hapa dirishani.
"Chenji yangu."
Nikampa sarafu tano.
Akazipanga mnara juu ya ubao,
mfupi, nusu ya ule.
Akautazama. Akaubomoa kwa kidole kimoja,
akazikusanya, akatoka,
na nyuma yake Mwaringa amekwisha anza kufagia upya,
chepeo kichwani, ua juu yake.
Sikumwambia.