Ndoo ya Rangi

Ndoo ya rangi, lita ishirini,
nimeitoboa tako kwa msumari wa moto.
Humo huingia mabaki ya siku nzima ya juisi:
papai, parachichi, maganda ya nanasi yachomayo,
na ndizi zilizopitiliza, alizonisukumia Ndeonasia pale Mbuyuni:
"Kawape nguruwe."

Nguruwe sina. Nina ua wa kupanga, hatua sita,
na mwenye nyumba mwenye pua.
"Mama Aikande, kunanuka nini?"
Nikaongeza majivu, randa za fundi Kiwia,
nikafunika gunia, nikanyamaza.

Kule Kibosho mama hakuwa na jina la kazi hii.
Alirusha ganda mgombani bila kugeuka,
maneno yakiendelea mdomoni.
Mimi wa Pasua nageuza kwa kijiti,
nahesabu wiki kwenye kalenda ya benki.

Julai. Mlima umejifunika, baridi ya kukunja vidole.
Alfajiri nikafunua gunia:
mvuke.
Nikazamisha mkono hadi kiwiko.
Joto lile, la kwapa la mtoto mwenye homa.

Leo mwenye nyumba kabisha hodi, karai mkononi,
macho kayaelekeza kwenye mawaridi yake.
"Kile kinachonuka," kasema,
"kimebaki?"