Saba Kutoka kwenye Pipa

Septemba, Opelousas. Tunda la magnolia
limefumbuka kama ngumi iliyochoka.
Mbegu zinaning'inia, nyekundu, kila moja
na uzi wake, mwembamba kuliko wa buibui.

Ozella hazipandi papo hapo. Anaziloweka,
anazivua kanzu kwa sabuni ya vyombo
mpaka punje ibaki uchi,
na vidole vyake vinanukia limau
na kitu kingine nisichokijua jina.

Kisha mchanga wenye unyevu, mfuko, friji,
katikati ya mayai na insulini yangu.
"Zisipoonja baridi," anasema,
"haziamini kwamba kumekucha."

Januari mwanetu Curley alizitupa,
akidhani ni maharage yaliyooza.
Ozella hakufoka. Alivaa glavu,
akaliinamia pipa la taka
mpaka chai yake ikapoa mezani.
Alirudi na saba.

Mwezi wa nne, mche mmoja umechomoza,
ganda bado kichwani, kofia ya kuazima.

"Utachanua lini?"
"Miaka kumi. Labda kumi na mitano."

Daktari alinipa hesabu fupi kuliko hiyo.
Nachota maji kwa kijiko.
Kimoja. Kingine.