Ufa wa Kona ya Kaskazini

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sisi tulijenga ukuta kwanza,
ndipo tukaanza kuutafuta ufa.

Ukuta wenyewe ni marobota ya mabua ya ngano,
mia mbili na arobaini, kutoka shamba la Aadu
ng'ambo ya kijito, mwendo wa trekta dakika tisa.
Baba mkwe aliyashika, akayanusa, akacheka:
"Karula hatujaishiwa misonobari.
Mtalala ndani ya chakula cha ng'ombe?"
Taavet hakumjibu. Alirudi kuambua gome la nguzo.

Zege hatukumwaga. Msingi umekalia kokoto
za chupa zilizosagwa: za bia, za jemu, za dawa ya kifua;
ulevi wa wilaya nzima umelala chini ya jiko letu.
Madirisha tuliyaelekeza kusini, vioo tabaka tatu,
maana jua la Februari huku ni mgeni wa haraka,
ukichelewa kumfungulia keshaaga.

Udongo ulitoka palepale tulipochimba kisima.
Tuliukanyaga kwa miguu, na mchanga, na mavi ya farasi,
Vaike akipiga kelele za baridi na za raha,
miaka sita, tope hadi kiunoni,
akidai aiskrimu moja kwa kila ndoo.

Oktoba akaja mpimaji, bwana Rünno,
na feni kubwa ya kubana mlangoni.
Nyumba njema si mlango, husemwa,
ila yetu ilihukumiwa mlangoni.
Feni ikanguruma, ikainyonya nyumba pumzi,
nasi tumesimama kimya
kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.
Namba ikaja juu. Si juu sana. Juu.
Akazunguka na kalamu yake ya moshi, kona kwa kona.
Sebuleni moshi ulisimama wima. Bafuni, wima.
Chumbani kwetu, kona ya kaskazini, nyuma ya soketi ya umeme,
ukaruka nyuma kama aliyepigwa kofi.

Nikaikumbuka ile kona.
Niliipiga lipu mwenyewe, tarehe kumi na tisa Mei,
mwiko mkono huu, simu mkono ule,
hospitali ya Võru ikiniuliza kama nimekaa.
Nikasema nimekaa. Nilikuwa juu ya ngazi.
Nikapitisha mwiko mara moja
palipotaka mara tatu,
nikashuka, nikanawa,
nikaenda kumwona mama asiyeniona.

Kumbe upepo ulikuwa unajua.
Miezi mitano ulikuwa unapitia pale.

Rünno aliandika: sentimita nne, rekebisha.
Taavet, aliyeapa povu la kopo halitaingia nyumba hii,
akaja nalo mkononi, macho chini.
Nikasema hapana.

Katika kapu la mama mlikuwa na soksi ya kijivu,
ya pili ya jozi, imeishia kisiginoni,
sindano bado zimo.
Nikazichomoa. Nikaifumua polepole,
sufu ya kondoo wake mwenyewe, bado ina harufu ya mafuta,
nikaishindilia ufani uzi kwa uzi,
juu yake udongo,
mara tatu safari hii.

Kipimo cha pili tulipita.
Baba mkwe alikuja Januari,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Akavua koti. Akavua sweta. Akafungua kifungo cha shati.
Akatafuta jiko la kulaumu,
akalikuta baridi, limezimwa tangu asubuhi.
Hakusema kitu. Aliomba bia,
na Vaike akasimama kando yake kuisubiri chupa.

Soksi ya kwanza, ile nzima, imo drooni.
Siwezi kuivaa peke yake, siwezi kuitupa.
Ya pili, nyumba imeivaa.