Fundo la Kanga

Mwezi mzima natoka, mbio za Raskazoni,
Jasho lanichuruzika, viatu vi mikononi,
Kilo nne zikashuka, mashavu yakawa duni,
Ila ndoo kuitweka, siiwezi asilani.

Bi Mishi wa Makorora, na makopo ya saruji,
Kati bomba la duara, chuma cha mtu mhitaji,
Kasema, “Wacha papara, msuli ndio mlaji,
Ukilala wapakura, mafuta bila kuhoji.”

Leo chuma, kesho mbio, Ijumaa najilaza,
Mizani sasa si kio, kilo moja yanibeza,
Kanga yangu ndiyo hiyo, fundo nimelisogeza,
Na ndoo, bila kilio, natweka huku nacheza.