Nyuma ya Ghala la Alizeti

Nesi aliandika kwa kalamu nyekundu
nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanangu:
*Jumanne, saa kumi na moja jioni. Chang'ombe,
nyuma ya ghala la alizeti. Mlango wa bluu.
Usiogope.*

Neno la mwisho ndilo lililonitisha.

Nimetoka Hombolo na vumbi lake,
mkono wa kulia nimeuficha mfukoni.
Siku ya tatu leo sijagusa kitu,
nao unachezacheza kama mfuniko wa chungu cha makande.
Kazi yangu ni kupogoa mizabibu.
Wiki iliyopita nilikata tawi lenye macho manne.
Msimamizi akaliokota, akalitazama, akanitazama mimi,
akaenda kuliweka juu ya meza yake bila neno.
Mvinyo wenyewe siujui ladha.
Mimi ni wa ujimbi, wa komoni,
na mwezi ukiwa na kona,
gongo ya kwa Mama Mchiwa, ya kukopa.

Njia ya kilabuni miguu inaijua yenyewe.
Nimeshaipita gizani, mvua inanyesha,
kiatu kimoja mguuni na kingine sijui kwa nani.
Lakini mlango wa bluu!
Nusu ya maduka ya mtaa huu
kampuni ya simu imeyapaka bluu.

Na mtu utamuulizaje?
*Samahani ndugu, walevi hukutana wapi?*
Si atakuelekeza baa.

Nikamuuliza binti muuza ubuyu:
Natafuta kikao.
Kikao gani?
Ulimi ukakimbilia mafichoni: Cha vikoba.
Akanyoosha kidole. Pale, penye turubai.

Basi nikakaa, mwanamume peke yangu,
kati ya wanawake kumi na tisa
na sanduku la chuma lenye kufuli tatu.
Wanaitana kwa namba.
Namba nne, hisa mbili. Namba tano, hisa moja,
na faini ya kuchelewa.
Ikafika kwangu.
Mgeni, unaweka ngapi?

Nilikuwa na elfu tatu, nauli ya kurudi.
Nikautoa mkono kuitafuta noti,
na mkono ukasema kabla yangu.
Noti ikaanguka. Nikainama. Ikaanguka tena.
Nikawaambia wao, wenye daftari la mikopo,
wasio na haja yoyote ya kujua,
jambo ambalo mke wangu Nyemo
amelingoja miaka sita kulisikia:
Mimi pombe imenishinda.
Nimeambiwa kuna watu. Nimepotea njia.

Hakuna aliyecheka.
Mtoto alikuwa ananyonya, akaendelea kunyonya.
Mweka hazina, Sechelela, akafunika kalamu.
Yule wa kwangu huwa anakwenda, akasema,
siyo kila Jumanne.
Usikatize hapo konani, hapo wanauza.
Zunguka kwa fundi baiskeli.
Ni mbali kidogo. We zunguka tu.
Kisha akafunua kalamu, akaandika,
maana kikao ni kikao:
*Mgeni mmoja. Hisa: hana.*

Nikazunguka.
Harufu ya mashudu ikanipokea kabla ya ghala.
Bluu ya mlango jua lilishaila,
umebaki rangi ya shati la shule
lililorithiwa na mtoto wa tatu.

Saa kumi na mbili ilikuwa imepita.
Walikuwa wanapandanisha viti vya plastiki,
mmoja anafagia, mmoja anatafuta funguo.
Jamaa mwenye aproni ya buchani
akanitazama mkono, hakunitazama uso.
Jina hakuuliza.
Akachomoa kiti kutoka juu ya rundo, akakiweka chini.
Akachomoa kingine, akakaa yeye.

Chai ipo, akasema. Imepoa.

Nikashika kikombe kwa mikono miwili.
Cha kwake, nikaona,
alikishika hivyohivyo.